Nakshi za Sufu na Miungu ya Kale

Mwezi huu tumeombwa kutoa somo juu ya jambo ambalo mwanzoni tulilidhani kuwa dogo. Lilitufikia likiwa ndani ya kifurushi cha sufu.

Rafiki mmoja wa usharika wetu, akaaye Ulaya, aliwapelekea akina mama wa chama cha kufuma uzi wa sufu, jozi moja ya glavu zilizofumwa kwa mkono, na karatasi yenye kuonyesha nakshi za glavu hizo. Akina mama walifurahi sana, maana huku kwetu milimani baridi ya Juni na Julai si mchezo, na watoto wachanga wahitaji kofia. Wakaanza kazi mara moja, wakaichagua nakshi iliyowapendeza kuliko zote, yaani nyota ya pembe nane. Walikuwa wamekwisha kumaliza kofia 11, ndipo binti mmoja aliyejua Kiingereza kuliko wenzake alipoisoma karatasi ile upande wa nyuma. Akakuta ya kwamba kila nakshi ina jina na maana. Hii ni alama ya Māra, mungu wa kike wa nchi na ng'ombe. Hii ni ya Laima, agawaye bahati ya kila mtoto azaliwapo. Na hii, ile nyota yenyewe, huitwa Auseklis, nayo huwalinda walalao na pepo wa usiku. Chini yake palikuwa na maagizo: afumaye na aseme nia yake katika kila mstari, na fundo la mwisho alifunge kwa jina la yule amwombaye.

Mama mmoja akaweka sindano zake chini, akasema, "Mimi kazi hii siendelei nayo." Mwenzake akamjibu, "Dada yangu, nyota ni nyota. Mtoto mwenye baridi haulizi jina lake." Wakabishana mpaka jua likachwa, na siku ya pili wakaja kwetu na swali: Tufumue, au tusifumue?

Hatukuwajibu siku ile. Sisi hatujui kufuma, na twakiri kwamba mpaka mwezi huo hatukuwahi kuitazama glavu kwa muda wa dakika mbili. Tukataka kwanza kujua alama hizo zimetoka wapi, na ni nani aliyezipa majina.

Glavu zile ni za Latvia, nchi ndogo iliyo kando ya Bahari ya Baltiki, na mji wake mkuu ni Riga. Nchi hizo si ngeni kabisa kwetu. Wale wamisionari vijana wawili wa Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliouawa Akeri penye Mlima Meru katika Oktoba 1896, walitoka katika nchi za Baltiki. Mafundisho ya Luther yalifika Riga mapema sana, katika miaka ya 1520, na Biblia nzima katika lugha ya Kilatvia, kazi ya mchungaji Ernst Glück, ilipigwa chapa kabla ya mwaka 1700. Twayataja hayo ili msomaji asidhani ya kwamba twazungumza juu ya watu wasiolisikia Neno. Baba zao walikuwa Walutheri miaka mia tatu na zaidi kabla ya baba zetu.

Walakini Injili iliwafikia kwa njia yenye miiba. Wakulima wa Kilatvia walikuwa watumwa wa mashamba ya mabwana wa Kijerumani, wala hawakuwekwa huru mpaka mwaka 1817 katika upande wa Courland, na 1819 katika upande wa Livland. Wachungaji wengi nao walikuwa Wajerumani, na kanisani mkulima alimwona bwana wake ameketi mbele. Basi dini ya kale haikwenda mbali. Ilikaa nyumbani, katika nyimbo na katika kazi za mikono. Paul Einhorn, mchungaji wa Kilutheri katika Courland, alitoa kitabu mwaka 1627 kuipinga ibada hiyo ya nyumbani, na kwa kuipinga ametuhifadhia habari zake nyingi, maana wenye ibada hawakuandika. Nyimbo zenyewe zilikusanywa baadaye na Krišjānis Barons, akazitoa katika vitabu kuanzia mwaka 1894 hata 1915. Hesabu yake ni nyimbo 217,996, nyingi fupi, za mistari minne. Humo Laima, Māra na Jua hutajwa kama watu wa jirani.

Sasa tuje kwenye glavu. Glavu za huko zina nafasi ya kidole gumba peke yake, na vidole vinne hukaa pamoja. Msichana wa shamba alianza kufuma angali mdogo, na kila jozi aliyoimaliza iliwekwa katika sanduku la arusi yake. Siku ya arusi sanduku lilifunguliwa. Jozi kwa mama mkwe, jozi kwa mashemeji, jozi kwa mtu aliyewaendesha farasi. Hata mchungaji alipata zake. Tena bibi arusi alipoingia katika nyumba ya mumewe aliacha glavu au mshipi mekoni, na zizini, na kisimani. Wapenzi, hapa twaomba msomaji asimame kidogo. Jozi ya mama mkwe ni zawadi. Jozi ya kisimani ni sadaka, nayo yatolewa kwa yule adhaniwaye kukaa kisimani. Walakini sufu ni ile ile, na nakshi ni ile ile, na mikono iliyofuma ni ile ile. Kama ungeziweka jozi hizo mbili mezani, hakuna jicho ambalo lingezitenga.

Desturi nyingine zilihusu kusokota. Jioni ya Alhamisi watu wengi hawakusokota uzi, kwa kuwa jioni hiyo ilitengwa kwa wasioonekana. Jambo hili halikuwa la Latvia peke yake. Watu wa kale wa kaskazini walisema kwamba maisha ya mtu ni uzi unaosokotwa na wanawake wa ajabu. Na katika Uswidi zile nyota tatu zilizopangana angani katika kundi la Orion waliziita kijiti cha kusokotea cha Frigg, mungu wao wa kike. Olaus Magnus, askofu Mkatoliki wa Uswidi, aliandika katika kitabu kilichopigwa chapa Roma mwaka 1555 ya kwamba huko kaskazini kulikuwa na wachawi waliowauzia mabaharia kamba yenye mafundo matatu. Ukifungua la kwanza, wapata upepo mwanana. La pili, upepo wa nguvu. La tatu, tufani. Tusiwacheke. Nasi twaujua uzi mweusi ufungwao mkononi mwa mtoto mchanga, tena twawajua Wakristo waufungao na kuuficha chini ya nguo siku ya ubatizo.

Tulipofika hapo tulidhani jibu limekwisha kupatikana: alama ni za miungu, basi zifumuliwe. Lakini tulipoendelea kusoma tulikuta jambo ambalo hatukulitazamia. Majina yale yaliyoandikwa nyuma ya karatasi si ya kale kama yadaiwavyo. Wachunguzi wengi wa leo wasema ya kwamba wafumaji wa zamani waliziita nakshi zao kwa majina ya vitu vya kila siku, kama msalaba, reki, ufagio au msonobari. Aliyezipanga katika kitabu na kuzipa kila moja mungu wake ni msanii Ernests Brastiņš, katika kitabu chake cha nakshi za Kilatvia cha mwaka 1923. Nchi yake ilikuwa imepata uhuru mwaka 1918, naye alitaka watu wake wawe na kitu chao wenyewe, kisichotoka kwa bwana Mjerumani wala kwa Mrusi. Mwaka 1925 yeye na wenzake wakaanzisha dini iitwayo Dievturi, ya kumwabudu Dievs, Laima na Māra kwa jinsi walivyoona katika nyimbo. Baada ya Warusi wa Kisovieti kuitwaa nchi mwaka 1940 alikamatwa, na mwaka 1942 akauawa. Wafuasi wake walitawanyika, wengine wakaenda Marekani, nao wakarudi kukusanyika katika Latvia tangu mwisho wa miaka ya 1980.

Hatupendi mtu azifanyie mzaha habari hizo. Mtu aliyedharauliwa vizazi vingi, akiokota nakshi ya nyanya yake na kusema, "Hiki ni chetu," hastahili kuchekwa na sisi watu wa Afrika. Walakini kweli ni kweli. Huenda nyanya yule alipofuma reki alifuma reki.

Na nyota je? Kwa habari ya nyota mambo ni ya namna mbili. Ni kweli ya kwamba Walatvia wa zamani walichora alama yenye pembe, kwa mstari mmoja usiokatika, juu ya mlango na juu ya kitanda cha mtoto, ili kumzuia Lietuvēns, pepo awakabaye watu usingizini. Hilo si uzushi wa mwaka 1923. Lakini nyota hiyo ya pembe nane yaonekana pia katika mazulia ya Uturuki, na katika Norwei imekuwa nembo ya kijiji kizima. Mwaka 1857 msichana aitwaye Marit Emstad, wa Selbu, alifuma glavu zenye nyota hiyo kwa sufu nyeusi na nyeupe, akazivaa kwenda kanisani. Watu walizipenda, wakamwiga, na glavu za Selbu zikawalisha watu wengi wa kijiji kile kwa miaka mingi. Kanisa lile ni la Kilutheri, na nyota ni ile ile ya kofia zetu.

Nyota haijui mwenyewe ni ya nani. Basi upagani wa karatasi ile uko wapi? Twaona uko katika yale maagizo ya chini. Siku hizi wako watu wengi, katika Ulaya na Marekani, wajiitao wapagani kwa hiari yao, nao huifanya kazi ya uzi kuwa ibada. Huchagua rangi kwa maana yake, huhesabu vitanzi kwa hesabu waionayo kuwa takatifu, husema maneno katika kila mstari, hutoa uzi wa kwanza waliousokota kuwa shukrani kwa mungu wa kike wa kusokota, hufunga mafundo tisa na katika kila moja kuweka haja yao. Tusiwasingizie, kwa kuwa Amri ya Nane yatukataza. Wengi wao hawamtakii mtu mabaya. Husema kwamba kazi hiyo huwatuliza moyo, na kuwakumbusha majira ya mwaka, na kuwaunganisha na mama zao waliokufa. Mfumaji yeyote wa usharika wetu angekubali nusu ya maneno hayo.

Tena Wakristo wenyewe hufanya jambo linalofanana nalo kwa nje. Mwaka 1998 katika jimbo la Connecticut, Marekani, wanawake wawili, Janet Bristow na Victoria Galo, walianzisha kazi ya shali za sala. Mama hufuma shali akimwombea mgonjwa au mjane katika kila mstari, kisha humpelekea. Kazi hiyo imeenea katika makanisa mengi, ya Kilutheri nayo. Sasa mama mmoja anasema jina la Yesu katika kila kitanzi, na mwingine anasema jina la Laima. Tofauti ni jina tu? Kama ni jina tu, basi Mkristo amebadili hirizi, hakuiacha.

Tulikwenda kuyatafuta Maandiko juu ya uzi, nasi tukaona ni mengi kuliko tulivyodhani. Katika Kutoka, mlango wa 35, wanawake wenye akili walisokota kwa mikono yao, wakaleta nyuzi na singa za mbuzi kwa kazi ya hema ya kukutania. Katika Matendo, mlango wa 9, wajane wanalia wakimwonyesha Petro nguo alizozishona Dorkasi. Lakini milango miwili twaomba isomwe kwa pamoja, Biblia zikiwa wazi. Wa kwanza ni Hesabu 15, mwishoni. Hapo Mungu mwenyewe anawaagiza Israeli wafanye vishada katika pindo za nguo zao, na katika kila kishada watie uzi wa rangi ya buluu. Wa pili ni Ezekieli 13, tangu aya ya 17. Hapo nabii anawakaripia wanawake washonao vitu vya kufungwa mikononi na shela za vichwani, ili kuziwinda roho za watu, nao hulipwa shayiri na vipande vya mkate.

Uzi mmoja umeagizwa, na uzi mwingine umelaaniwa. Wala hatuambiwi ya kwamba ule wa Ezekieli ulikuwa na rangi mbaya au nakshi ya kigeni. Ule wa Hesabu umewekwa ili mtu auone na kukumbuka. Hauna kazi nyingine. Ukipotea, Mungu hakupotea, na mtu hutia mwingine. Ule wa Ezekieli umewekwa ili ushike. Aliyeufunga anasema, uhai wa huyu sasa umo mkononi mwangu, na aliyefungwa anaogopa kuuvua. Luther naye, alipoieleza Amri ya Kwanza katika Katekisimo Kubwa ya mwaka 1529, hakuanza kwa sanamu za mawe. Aliuliza moyo wa mtu umetegemea nini. Basi yule afumaye shali ya sala anamwomba Baba awezaye kusema siyo, na akishajibiwa siyo, shali bado ni shali, yamtia mgonjwa joto. Lakini shali ya sala isiyofuliwa kwa hofu ya kuondoa maombi, hiyo imekwisha kuhamia katika Ezekieli 13, hata kama imefumwa na mama mzee wa kanisa.

Ndipo tukaufungua Waraka wa kwanza kwa Wakorintho, mlango wa 8, na kila mwenye kujua habari ya nyama ya sanamu ameshaona tulikokuwa tukielekea. Mtume asema sanamu si kitu, basi nyama ni nyama. Lakini hakuishia hapo. Yuko ndugu ambaye bado ana desturi ya sanamu moyoni, naye akila, hali nyama, anakula sadaka. Kwa ajili yake Paulo yu tayari kuacha nyama. Mama aliyesema nyota ni nyota alikuwa na haki katika nusu ya kwanza ya mlango ule. Wa sindano chini alikuwa amesimama katika nusu ya pili, ingawa hakujua.

Tena tuna mfano wetu wenyewe. Wachagga wanalijua jani la isale. Aliyekosa hulipeleka kwa aliyemkosea kuomba amani, na jani hilo lilikuwa na mahali pake katika mambo ya wazee kabla ya kanisa. Wakristo wa Kilimanjaro hawakuling'oa mashambani. Bado hulitumia kupatana. Walakini mtu akilifunga mlangoni ili wachawi wasiingie, wazee wa kanisa humtembelea. Jani ni moja.

Tuliwaita akina mama, tukawaeleza hayo yote kwa muda wa saa mbili, chai ikapoa. Tukawauliza, kofia hizi mlizifuma kwa nini? Wakajibu, kwa baridi. Tukasema, basi hakuna la kufumua. Nakshi itumike, ile karatasi ya maagizo ikae kwetu, na kila mama akiona mwenzake anakwazwa na nyota amfumie nyingine yenye mistari tu, bila kumnung'unikia. Tulidhani shauri limekwisha.

Ndipo yule binti msomaji akasema kwa sauti ndogo, "Baba, kofia moja ina fundo jekundu ndani." Tukaipindua. Kweli, nyuma ya nyota palikuwa na uzi mwekundu, umefungwa mara tatu. Ikajulikana ya kwamba kofia hiyo ilitakwa na mama mmoja jirani, ambaye amezika watoto wawili wachanga, na wa tatu ana wiki tano. Alikuwa amesikia habari za karatasi kutoka kwa akina mama wenyewe, siku ile ya ubishi, kwamba nyota yawalinda watoto usiku. Akaja jioni, akamsihi mfumaji amtilie fundo. Mfumaji alimhurumia.

Baadhi ya akina mama walitaka mkasi uletwe hapo hapo. Tulikataa. Fundo lile ni la Ezekieli 13, twajua, wala hatumwambii mtu kwamba si kitu. Tena Laima wa karatasi ile angemwambia mama yule ya kwamba bahati ya mtoto ilikwisha kugawanywa siku ya kuzaliwa, nalo ndilo neno la kikatili kuliko yote tuliyoyasoma humo. Lakini mtoto wa wiki tano haponywi kwa sisi kumshindania mama yake juu ya uzi wa kipimo cha kidole. Tulimwuliza mfumaji kama watoto wale wawili walipata kupelekwa hospitali. Hakujua. Hakuna aliyejua, nao ni jirani.

Kofia alipewa, pamoja na fundo lake. Mzee mmoja wa chama, bibi aliyezaa tisa, alikwenda naye nyumbani jioni ile, akakaa mpaka usiku. Sasa hupita huko kila Jumanne asubuhi kabla ya soko, nao humpeleka mtoto kupimwa uzito. Juma lililopita walipokwenda, muuguzi aliivua kofia ili ampime sawasawa, na mama yule alimwacha aivue.